Pikipiki ya Marehemu: Mkweche au Kongwe?

Katika nyumba nyingi za askari mjini Juba, iwe Gudele, Munuki au Hai Malakal, hukaa nyuma ya jiko au chini ya mwembe chombo ambacho hakuna athubutuye kukigusa. Ni pikipiki ya mzee. Tairi zimekwisha upepo, kiti kimepasuka na kuku wamekifanya kiota, lakini tangi bado lina jina la kiwanda, na mwenyewe, alipokuwa hai, hakukubali iuzwe. Matanga yakishakwisha ndipo maneno huanza. Mtoto wa kwanza ataka injini ing'olewe, itiwe ya Boxer, ipelekwe barabarani kubeba abiria. Baba mdogo ataka iuzwe chuma chakavu na fedha zigawanywe. Mjane, aliyepandishwa nyuma ya pikipiki hiyo hiyo siku aliyokwenda kujifungua, hataki lolote katika hayo mawili, wala hana la kuwajibu ila machozi.

Hoja anayo, nayo si ya machozi peke yake. Lakini yataka kutengwa vizuri, kwa maana si kila kilichozeeka kina thamani. Kiswahili chenyewe kimekwisha kulitenga jambo hili. Gari lililochoka, linalotoa moshi na kusukumwa kila asubuhi, huitwa mkweche. Kitu kilichoishi miaka mingi na kubaki na heshima yake huitwa kikongwe, kama mzee wa baraza. Mkweche na kongwe huweza kuwa na umri mmoja, zimetoka kiwanda kimoja, na hata kulala banda moja. Tofauti yao ni nini?

Ulaya wamejaribu kujibu kwa hesabu. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, lasema chombo kiwe na umri wa miaka 30 au zaidi, kiwe kimehifadhiwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, tena kisiwe cha kutumika kwa safari za kila siku. Chama cha Kiingereza cha wapenda pikipiki za kale, kilichoanzishwa mwaka 1946, chatosheka na miaka 25. Hayo ya umri na ya kuhifadhiwa yakubalika popote. Lakini hilo la tatu halifai kwa Juba. Katika mji ambao pikipiki humpeleka mgonjwa hospitali, humrudisha askari kutoka zamu na kuleta gunia la mkaa, sharti lisemalo chombo kipate heshima kwa kutofanya kazi ni sharti la watu wenye vyombo viwili. Pikipiki nyingi zilizopata heshima duniani zilianza kuipata zikiwa kazini.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa ukurasa huu ni BSA. Herufi hizo tatu ni kifupi cha jina la kampuni ya silaha ndogo ya Birmingham, iliyoanzishwa na mafundi bunduki mwaka 1861, na alama yake ilikuwa bunduki tatu zilizosimamishwa kwa kuegemezana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kampuni hiyo iliyapa majeshi pikipiki zipatazo 126,000 za namna ya M20, zenye injini ya silinda moja ya sentimita za ujazo 500. Haikuwa pikipiki ya mbio. Ilikuwa nzito, na wapanda farasi wa chuma wa siku zile waliilalamikia. Lakini tarishi wa jeshi aliweza kuitengeneza njiani kwa spana chache, na ilipoanguka iliinuliwa ikaendelea. Leo M20 ni pikipiki inayotafutwa na watu waliozaliwa miaka mingi baada ya vita hivyo, na kiwanda chenyewe kimekwisha kufa tangu miaka ya 1970.

Au itazamwe Royal Enfield Bullet. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya India ilikuwa ikitafuta pikipiki ya askari wa jeshi na polisi wa doria za mipakani, ikaichagua Bullet ya 350. Mwaka 1955 kazi ya kuziunganisha ikaanzishwa Madras, mji uitwao Chennai siku hizi. Uingereza wenyewe waliacha kuzitengeneza karibu mwaka 1970, lakini India waliendelea na injini ile ile, pamoja na mageuzi madogo madogo, kwa zaidi ya miaka 50. Hapa pana jambo la kushangaza: kongwe iliyokuwa ikitoka kiwandani mpya! Mnunuzi wa mwaka 1995 alipata chombo ambacho babu yake angekitambua kwa macho, na kwa sauti hata akiwa amefumba macho.

Basi umri si jibu lote. Kuna pikipiki za miaka 40 ambazo hakuna azikumbukaye, na ni haki yake zisikumbukwe, maana hazikumfaa mtu. Ile inayoitwa kongwe aghalabu ni ile iliyofanya jambo ambalo kabla yake halikuwapo, au iliyolifanya vizuri hata wengine wakaiga.

Honda Super Cub ndiyo shahidi mkubwa. Ilitoka Japani mwaka 1958 ikiwa na injini ndogo mno, isiyozidi sentimita za ujazo 50. Klachi yake ilijifanyia kazi yenyewe, ili mchuuzi wa chakula aweze kuendesha kwa mkono mmoja na kushika sinia kwa mkono wa pili. Katikati palikuwa wazi, hivyo aliyevaa gauni au kanzu alipanda bila kuinua mguu juu ya kiti. Miguu ilikingwa matope. Mwaka 2017 hesabu ya Super Cub zilizotengenezwa duniani ilipita milioni 100, na hakuna chombo kingine chenye injini kilichofika hapo. Katekista, bwana shamba na muuguzi wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1960 na 1970 wanaijua vizuri.

Ndugu yake mdogo aliyeleta mabadiliko makubwa zaidi huku kwetu ni Honda CG125, iliyotoka katikati ya miaka ya 1970. Wahandisi wa Honda walikuwa wamegundua kwamba katika nchi za joto pikipiki hubebeshwa kupita kiasi, na oili hubadilishwa pale tu mwenyewe anapokumbuka. Injini iliyokuwapo ilikuwa na mnyororo mdogo wa ndani wa kuzungusha vali, nao ulitaka kukazwa kila mara. Wakautoa mnyororo huo, wakarudia mtindo wa kizamani wa vijiti vinavyosukuma vali kutoka chini. Wenye kupenda mambo ya kisasa waliweza kuona ni kurudi nyuma. Lakini injini hiyo ilidumu, na viwanda vya China vilipoanza kutengeneza pikipiki za bei nafuu kwa wingi, viliifuata hiyo. Injini nyingi za Kichina za 125 na 150 zilizojaa barabara za Afrika ni wajukuu wa CG.

Hapo ndipo Juba inapoingia katika habari hii kwa miguu yake yenyewe. Biashara ya bodaboda ilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Ilifika Juba kwa pikipiki, ikipandia njia ya Nimule pamoja na wafanyabiashara wa Uganda baada ya mapatano ya amani ya mwaka 2005. Njia ile wakati huo ilikuwa ya vumbi na matope, yenye mabomu ya ardhini kandokando. Lami ya kilomita 192 ilikamilika mwaka 2012. Mwaka 2013 serikali iliamuru kazi ya bodaboda iwe ya raia wa Sudan Kusini peke yao, na vijana wengi wa mji, wakiwamo watoto wa askari na waliotoka kambi za wakimbizi za Kakuma na kaskazini mwa Uganda, wakaingia kwenye usukani.

Watu wa Juba walikwisha kuipa pikipiki hiyo jina lao. Mbali na bodaboda, wengi huiita senke, jina la chapa ya Kichina, na huliita hivyo hata kama chombo chenyewe ni Bajaj iliyotoka India. Chapa ikifikia kuwa jina la vitu vyote vya namna yake, imekwisha kuingia katika historia, akubali asikubali mwenye kukusanya vitu vya kale.

Wapo watakaocheka. Watasema: senke ni mwigo, na mwigo hauwezi kuwa kongwe. Maneno hayo husikika mara nyingi, nayo ni ya mtu asiyejua ukoo wa pikipiki. Kiwanda cha DKW cha Ujerumani kilitoa mwaka 1939 pikipiki ndogo iitwayo RT 125. Ujerumani iliposhindwa vita, michoro ya chombo hicho ilichukuliwa kuwa sehemu ya fidia. Warusi wakatengeneza Moskva. Wamarekani wa Harley-Davidson wakatengeneza ya kwao. BSA wakatoa Bantam mwaka 1948, wakaendelea nayo hadi mwaka 1971. Wajapani nao wakaiiga, na mwaka 1955 ikatoka YA-1, pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, waliyoipa lakabu ya Kerengende Mwekundu. Leo hakuna amwambiaye mwenye Bantam safi kwamba anamiliki mwigo. Wenye YA-1 huionyesha kama johari. Miaka imepita, kazi imeonekana, na swali la nani alimwiga nani limebaki kuwa la wanahistoria.

Senke au Boxer iliyovuka Nimule mwaka 2006 itatimiza miaka 30 mwaka 2036. Kipingamizi chake hakitakuwa uzazi wake. Kipingamizi ni kwamba huenda isibaki hata moja iliyo nzima, kwa kuwa kila moja huendeshwa hadi pumzi ya mwisho, kisha hukatwakatwa: gurudumu huku, taa kule, fremu kwa mchomeleaji. Vitu vilivyokuwa vingi kuliko vyote ndivyo hupotea kabisa, maana hakuna anayeona sababu ya kuviweka. Magari ya wakubwa huhifadhiwa.

Lakini katika mabanda ya Juba, ile ambayo wazee huisifu si senke. Mara nyingi ni Yamaha ya kazi, AG100 au DT125. Operesheni kubwa ya misaada kwa Sudan ilipoanza mwaka 1989, ikiwa na kituo chake Lokichoggio, Kenya, mashirika yalihitaji vyombo vya kupita mahali ambapo gari halipiti, na Yamaha za namna hiyo zimekuwa chaguo la mashirika na idara za serikali katika sehemu kubwa ya Afrika. AG100 ilibuniwa kwa ajili ya wakulima na wachungaji wa Australia na New Zealand. Mnyororo wake umefunikwa pande zote usiingie mchanga. Ina vyuma vya kukinga mikono ichomwapo na vichaka, wenzo wa kuisimamisha upande wa kushoto na mwingine upande wa kulia, na vitanda vya mizigo mbele na nyuma. Haina urembo hata kidogo, na hapo ndipo uzuri wake ulipo: kila kipande chake kina sababu, na mtu akiuliza sababu hiyo hujibiwa kwa safari.

Safari nazo zina uzito wake. Mwingereza Ted Simon aliondoka kwao mwaka 1973 juu ya Triumph ya 500 ya kawaida, akapita Sudan akielekea Ethiopia na Kenya, akaizunguka dunia kwa miaka minne. Kwa sura, Triumph ile haikuwa na tofauti na dada zake waliotoka kiwandani wiki ile ile. Ikawekwa katika makumbusho ya usafiri ya mji wa Coventry kwa sababu ya njia iliyopita. Ni halali kabisa kwa mjane wa sajini kusema kwamba pikipiki ya mumewe ina thamani kwa sababu ilimtoa fulani hai kutoka mahali fulani mwaka fulani. Ila jambo hilo liandikwe. Wazee waliolishuhudia wanapungua, na pikipiki haisemi. Daftari la kurasa 40 latosha: ilinunuliwa wapi, na nani, kwa kazi gani, ilivunjika wapi, injini ilifunguliwa mara ngapi, na nani waliipanda. Rafiki wa marehemu waliotumikia naye Bilpam au Buluk waulizwe mapema, wakiwa bado wana kumbukumbu. Daftari hilo ndilo huigeuza ngano ya familia kuwa ushahidi.

Sasa lile la mtoto kutaka kuing'oa injini. Kijana huyo asitukanwe. Nyumba yahitaji chakula. Lakini ajue anachouza. Pikipiki ya kale huthaminiwa kwa kubaki na viungo vyake vya asili, hasa fremu na injini zilizotoka kiwandani pamoja. Jijini Nairobi, ambako mashindano ya uzuri wa magari na pikipiki za kale hufanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, waamuzi hukagua chombo kipande kwa kipande. Mtu akiing'oa injini ya Yamaha na kuichomelea vishikizo vya Boxer, amepata bodaboda mbovu na ameua kongwe, kwa kuwa fremu iliyokatwa hairudi. Ikiwa haja ya mapato ni ya haraka, ni afadhali kongwe iuzwe ikiwa nzima kwa anayeijua, na fedha hizo zianzie pikipiki ya kazi, kuliko kupata hasara mbili kwa siku moja. Na ikiwa fremu imekwisha kupasuka, injini ni ya tatu na tangi si lake, basi maneno yaishe: huo ni mkweche, uende kwa wauza chuma bila kuliliwa sana.

Kupaka rangi upya nako kuna hatari yake. Fundi wa karibu atataka kuisugua yote kwa msasa na kuing'arisha kwa nyekundu ya moto. Akatazwe! Rangi ya zamani iliyofifia na maandishi ya kiwanda hupatikana mara moja tu. Maji, sabuni na kitambaa vitangulie. Injini iliyolala miaka mingi isipigwe kiki kwa nguvu, maana pistoni huwa imeshikana na silinda. Plagi itolewe, oili kiasi cha kijiko imiminwe ndani ya tundu, iachwe siku tatu au nne, kisha gia itiwe na gurudumu la nyuma lizungushwe polepole kwa mkono. Petroli ya zamani imwagwe yote na kabureta lioshwe. Mafuta yanayouzwa kwa chupa za maji kando ya barabara yaepukwe, kwa sababu wakati mwingine huchanganywa na mafuta ya taa. Yamaha ya AG100 huchanganya oili na petroli kwa pampu yake yenyewe, lakini waendeshaji wengi huifunga pampu hiyo na kuchanganya kwa mkono ndani ya tangi. Anayerithi asiiamini pampu mpaka fundi ameithibitisha kwa macho, la sivyo injini iliyovumilia vita itakufa kwa kilomita kumi za lami.

Liko pia jambo la karatasi, nalo ni la polisi kama lilivyo la mjane. Katika miaka ya vita, na tena Desemba 2013 na Julai 2016, vyombo vingi vilibadili mikono bila stakabadhi. Namba ya fremu hupigwa chapa kwenye shingo ya usukani, na ya injini ubavuni mwa injini yenyewe. Zikilingana na logibuku, shughuli imekwisha. Askari wa usalama barabarani akiona mahali hapo pamesuguliwa kwa tupa, au chuma kimeota bonge la kuchomelewa, ana haki ya kuuliza, na mwenye chombo asione anaonewa. Ndiyo sababu nyingine ya kuweka msasa mbali. Na mrithi asingoje kusimamishwa njiani ndipo aanze kulitafuta logibuku lenye jina la marehemu. Jina libadilishwe wakati mashahidi wa urithi wangali wako mjini.

Itakapowaka, nayo itawaka, isipelekwe moja kwa moja katikati ya soko la Custom. Breki za kale ni za ngoma, zinazokamata taratibu, nazo zikiingia maji ya mvua hukamata taratibu zaidi, ilhali senke za leo na malori ya mafuta hayangoji. Helmeti ivaliwe hata kwa safari ya kwenda kisimani. Nyingi za zamani zina umeme wa volti 6, ambao taa yake usiku ni kama ya kibatari. Tena Sudan ilihamia upande wa kulia wa barabara mwaka 1973, na Juba imebaki kulia, lakini Uganda na Kenya huendesha kushoto. Baadhi ya taa zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi hizo humulika zaidi upande wa kushoto, na hapa huko ndiko atokako dereva anayekuja. Fundi wa umeme hulijua jambo hili akiambiwa, na kioo cha taa hubadilishwa kwa bisibisi moja. Kile cha zamani kifungwe katika gazeti na kuwekwa sandukuni pamoja na daftari.